Kairoprakta, jitambue kwanza: namna ya kujenga utambulisho wako wa kikazi bila kujichanganya

Ukiwa kairoprakta, yani mtu anayetibu mgongo na viungo kwa mikono, kuna swali litakufuata mpaka unastaafu: "kwani we ni daktari?" Atakuuliza mgonjwa, atakuuliza mkwe, atakuuliza mtu wa bima, na atakuuliza daktari wa hospitali anayetaka kujua kama akikutumia mtu wake utamrudisha salama. Na ukiwakusanya makairoprakta chumba kimoja ukawauliza wenyewe, unaweza ukazua ugomvi wa mchana kutwa. Wapo watakaosema sisi ni wataalamu wa uti wa mgongo. Wapo watakaosema sisi ni madaktari wa kwanza wa familia ila hatutumii dawa. Na wapo watakaokwambia hatutibu ugonjwa wowote ule, tunaondoa tu kizuizi kwenye mishipa ya fahamu halafu mwili unajitibu wenyewe. Wote hao wana cheti kinachofanana ukutani, sasa mgonjwa ajue vipi kaangukia kwa nani?

Nimeandika kwa ajili ya aliyemaliza chuo juzi, na pia kwa yule ambaye yuko kazini miaka ila akiulizwa anafanya nini anaanza kuzungukazunguka. Msimamo wangu nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia: mi naona kazi hii inasimama vizuri ikibaki kwenye mgongo, shingo, viungo na misuli, na utambulisho wako unaonekana zaidi kwenye yale unayokataa kuyafanya na kwenye barua unazowaandikia wenzio kuliko kwenye bango la mlangoni.

Anza kwa kujua ugomvi umetoka wapi

Usiruke hapa. Watu wengi wanaingia kwenye mabishano ya "falsafa" bila kujua kwamba nusu ya hiyo falsafa ilipikwa mahakamani.

Stori inaanzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. D.D. Palmer, ambaye kabla ya hapo alikuwa anatibu watu kwa kile walichokiita tiba ya sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo mfanya usafi wa jengo, Harvey Lillard, halafu ikasemwa kwamba usikivu wake uliokuwa umepotea umerudi. Madaktari wamekuwa wakiguna tangu siku hiyo kwa sababu mshipa wa fahamu wa kusikia uko ndani ya fuvu, haupiti mgongoni. Lakini Palmer akajenga juu ya tukio hilo nadharia nzima kwamba pingili iliyokaa vibaya, yani sublaksesheni, ndo chanzo cha karibu magonjwa yote. Mwaka 1897 akafungua shule.

Sasa angalia hii. Mwaka 1906 Palmer alifungwa jela kwa kutibu bila leseni ya udaktari. Mwaka uliofuata, huko La Crosse, Wisconsin, kairoprakta mmoja aitwaye Shegataro Morikubo akashtakiwa kwa kufanya osteopathi (tiba nyingine ya mikono) bila leseni, na wakili wake Tom Morris akajenga utetezi kwamba kairopraktiki sio osteopathi wala sio udaktari, ni fani ya peke yake yenye falsafa yake, sayansi yake na sanaa yake. Akashinda. Kuanzia hapo ikawa ni faida ya kisheria kusema "sisi hatutibu magonjwa", "hatufanyi uchunguzi wa ugonjwa, tunachambua mgongo", "hatutoi matibabu, tunarekebisha". Haya maneno unayoyasikia mpaka leo kwenye semina, yakisemwa kwa sauti ya ibada, yalikuwa pia ngao ya kuzuia watu wasiende jela. Simaanishi kwamba waliokuwa wanayasema walikuwa hawayaamini, wengi waliyaamini kabisa, ila ukijua yalizaliwa kwenye mazingira gani hutashangaa kwanini yana ukali ule.

Baada ya hapo mtoto wa Palmer, B.J., akashika shule na akawa mlinzi wa kambi ya wale wanaoitwa straight, yani wa mikono tu na sublaksesheni tu. Upande wa pili wakatokea mixer, waliochanganya na mazoezi, joto, lishe na vingine. Mwaka 1924 B.J. akaja na mashine ya kupima joto la mgongo akitaka kila mmoja aikodi kutoka kwake, na hapo hata wafuasi wake wengi wakamkimbia. Kwahiyo mgawanyiko una miaka mia na zaidi, hukuuanzisha wewe na hutaumaliza wewe, punguza presha.

Kuna kipande kingine cha stori ambacho kinaeleza kwanini wazee wetu wana kinyongo. Leseni zilikuja jimbo moja moja, Kansas ya kwanza mwaka 1913 na Louisiana ya mwisho mwaka 1974, fikiria muda wote huo kuna watu walikuwa wanaingia na kutoka jela. Chama cha madaktari wa Marekani, AMA, mwaka 1963 kiliunda kabisa kamati ya kupambana na "matapeli" na lengo kubwa lilikuwa makairoprakta. Daktari aliyeshirikiana na kairoprakta alihesabiwa kavunja maadili. Chester Wilk na wenzake wakafungua kesi mwaka 1976, na mwaka 1987 jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba AMA ilivunja sheria ya ushindani kwa kula njama ya kuibana fani nyingine, na rufaa ikakwama mwaka 1990. Huu ushindi mkubwa una madhara yake. Kuna kizazi kizima kilichosoma kwamba ukikosolewa na daktari basi unaonewa, wakati mwingine ukikosolewa ni kwa sababu umesema uongo. Jaji mwenyewe aliamua kuhusu ushindani, hakusema kwamba kila tunachodai ni kweli.

Na la mwisho kwenye historia, hili hata wenyewe wengi hawalitazami vizuri: sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyoingiza kairopraktiki kwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, ilisema inalipia kusukuma kwa mikono ili kurekebisha sublaksesheni. Basi. Mtu anaweza akawa haiamini kabisa ile nadharia ya zamani, akasoma tafiti, akafanya kazi kisasa, lakini ili alipwe lazima aandike neno lilelile kwenye karatasi. Ukiona mtu wa Marekani anajikanyaga kuhusu sublaksesheni usimcheke haraka, mwangalie na anayemlipa.

Amua unasimama wapi, na uamue kwa maswali ya kazi

Usijiulize "je mimi ni straight au mixer". Hayo ni majina ya ukoo. Jiulize vitu ambavyo jibu lake linabadilisha unachofanya Jumatatu asubuhi. Mgonjwa asiye na maumivu yoyote akija kwako akisema anataka kurekebishwa kwa ajili ya afya tu, utamfanyia nini na utamwambia nini? Mama akikuletea mtoto mchanga anayelia usiku? Mtu mwenye maumivu ya mgongo wiki moja tu, bila dalili ya hatari, utampiga eksirei? Mgonjwa akikuuliza kuhusu chanjo utajibu? Mtu akipona kwa ziara tatu utamwachia aende zake au utamtafutia sababu ya kurudi?

Andika majibu yako, kwa mkono au kwenye simu, popote. Ukimaliza soma uone kama yanakubaliana. Wengi watakuta hayakubaliani, mtu anajiita mtaalamu wa ushahidi wa kisayansi lakini eksirei anapiga kila anayeingia mlangoni, au anajiita wa falsafa ya asili lakini kwa vitendo anatibu viuno na shingo tu kama mwenzie wa pili. Hapo ndo penye kazi.

Kama unahitaji pa kuegemea, mashirika yameshasema mambo. Shirikisho la makairoprakta la dunia, WFC, lilikaa Sydney mwaka 2005 na kukubaliana kwamba kairoprakta ajulikane na umma kama mtaalamu wa afya ya uti wa mgongo ndani ya mfumo wa afya. Hicho kipande cha "ndani ya mfumo" watu wanakiruka ila kwangu ndo chenye uzito, maana yake hauko nje unarusha mawe. Kule Uingereza baraza linalosimamia fani, General Chiropractic Council, mwaka 2010 lilitoa tamko kwamba sublaksesheni ni dhana ya kihistoria na hakuna ushahidi wa tafiti unaoruhusu kudai kwamba inasababisha ugonjwa. Halafu kuna vyuo kadhaa vilivyosaini tamko la pamoja kwamba hiyo dhana ifundishwe kama historia tu. Upande wa pili nao wana vyama vyao na vyuo vyao na hawajakubali, usidhani mambo yameisha.

Mi sikulazimishi. Ila ukichagua kusema mgongo ndo chanzo cha magonjwa yote, ujue unajibebesha mzigo wa kuthibitisha, na hadi leo hamna aliyeutua huo mzigo.

Tunga sentensi yako

Hii ni ya kufanya leo. Sentensi mbili au tatu ambazo unaweza kuzisema mbele ya mgonjwa, daktari, mwandishi wa habari na mtu wa baraza bila kubadilisha hata neno. Ukiona kuna mtu mmoja kati ya hao ambaye ungemwambia tofauti, jua sentensi haijakaa.

Mfano ambao haujakaa: "Nawasaidia watu kufikia uwezo wao kamili wa kiafya kwa kufungua mawasiliano kati ya ubongo na mwili." Inasikika tamu. Haisemi kitu. Mwenye kiuno kinachouma hajui kama umemsema yeye, na daktari akiisoma anafunga ukurasa.

Mfano uliokaa: "Mimi ni kairoprakta. Nachunguza na kutibu maumivu ya mgongo, shingo na viungo, natumia mikono, mazoezi na ushauri. Siandiki dawa wala sipasui, na nikiona tatizo sio la kwangu nakupeleka kwa anayehusika." Haina mbwembwe ila kila neno unaweza kulisimamia. Kama nchi yako inaruhusu makairoprakta kuandika dawa fulani, rekebisha, maana sheria hazifanani.

Sasa kuhusu neno dokta. Kuna nchi ambazo shahada yenyewe inaitwa Doctor of Chiropractic na kujiita dokta ni haki yako, kuna nyingine unaruhusiwa ila lazima ionekane wazi kwamba sio daktari wa tiba. Ushauri wangu ni uleule popote ulipo: ukiweka Dk. mbele ya jina, neno kairoprakta liwe hapohapo pembeni, kwa maandishi ya ukubwa uleule, sio kule chini kabisa kwa herufi za kusomea kwa lensi. Na mgonjwa akikuita daktari huku akionekana anadhani umesomea udaktari wa hospitali, msahihishe palepale, inachukua sekunde na haikupunguzii kitu.

Kwenye sentensi usisahau ukweli wa kiasi gani unasaidia. Kusukuma mgongo kwa mikono kumetajwa kwenye miongozo mikubwa: chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani mwaka 2017, NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, mwaka 2016 (ila wao walisema iwe pamoja na mazoezi, isiwe peke yake), na WHO mwaka 2023 kwa maumivu sugu ya kiuno ya watu wazima. Tafiti zinaonyesha faida ya wastani, inayokaribiana na ya tiba nyingine zinazopendekezwa kama mazoezi. Wastani sio tusi jamani. Maumivu ya kiuno ndo yanayoongoza duniani kwa kufanya watu waishi na ulemavu, ukiweza kuwapa hao watu nafuu ya wastani bila dawa kali una kazi ya kutosha mpaka uzeeke, huhitaji kuongezea pumu na masikio ya watoto.

Andika orodha ya usichotibu

Hii orodha ina nguvu kuliko orodha ya huduma zako. Iweke kwenye tovuti kabisa. "Hatutibu pumu, maambukizi ya masikio, shinikizo la damu, ugumba. Ukiwa na haya muone daktari wako." Wenzio wengine watakucheka kwamba unafukuza wateja. Ila daktari wa karibu akiisoma ndo anaanza kukuamini, ameshazoea kuona kinyume chake.

Halafu kuna dalili za hatari, hizi hazina mjadala wa kambi. Mgonjwa wa kiuno mwenye ganzi maeneo ya siri au aliyeanza kushindwa kubana mkojo au choo, anaenda hospitali saa hiyohiyo, humgusi. Mwenye historia ya saratani na maumivu mapya yasiyopoa hata akilala, homa pamoja na maumivu ya mgongo, miguu inayozidi kuishiwa nguvu, aliyeanguka na ana mifupa dhaifu, wote hao kwanza uchunguzi. Na shingo: mtu akija na maumivu ya shingo na kichwa ya ghafla ambayo hajawahi kuyapata, na kizunguzungu, au anaona vitu viwiliviwili, au ulimi mzito, fikiria mshipa wa damu wa shingoni kuchanika kabla hujafikiria pingili. Ni nadra, lakini watu wenye tatizo hilo huja kwetu kwa sababu mwanzoni linauma kama shingo ya kawaida. Hatari yenyewe imwambie mgonjwa kabla hujashika shingo yake, kwa lugha anayoielewa, na umpe njia nyingine. Kuna makairoprakta wanaona kusema hivyo ni kujichafua. Mi naona kinyume, fani inayojiamini inataja madhara yake yenyewe.

Barua

Hapa ntakaa kidogo maana hakuna kitu kinachojenga jina la kairoprakta kama barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri, na vyuoni huwa inapewa kama nusu kipindi hivi.

Daktari akikutumia mgonjwa, au mgonjwa akikwambia daktari wake ni nani na ameridhia, andika. Ukurasa mmoja, na ukiweza nusu. Umemuona nani, lini, analalamika nini, umepima nini na umekuta nini, unadhani ni nini, utafanya nini kwa muda gani, na ni kitu gani kikitokea utamrudisha kwake. Tumia majina ambayo kila mtu wa afya anayajua: maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, nguvu ya kidole gumba imepungua, rifleksi ya kifundo haipo. Usiandike kwamba pingili ya pili imezunguka kulia ikainama kushoto, yule anayesoma hawezi kuifanyia chochote hiyo taarifa na atahisi unaongea lugha ya chama cha siri.

Na barua ya pili ni ya muhimu kuliko ya kwanza, ile unayoandika ukimaliza. "Alikuja mara tano, maumivu yamepungua, amerudi kazini, nimefunga faili lake." Au "hajapata nafuu baada ya wiki nne, naomba umuangalie tena." Hiyo ya kukubali kwamba haijafanya kazi ndo daktari ataikumbuka, kwa sababu alikuwa anasubiri kuona kama utamshikilia mgonjwa mpaka hela ziishe.

Ratiba na malipo vinakusema

Unaweza kuandika sentensi safi, ukatundika orodha, halafu mgonjwa akafika kaunta akauziwa mkataba wa ziara za mwaka mzima alipe mapema apate punguzo. Basi yote umeyafuta. Mgonjwa anaamini bili kuliko bango.

Panga ziara chache za mwanzo, sema wazi lini mtapima upya na mtapima kwa kitu gani (anaweza kukaa muda gani, anainuka kitandani vipi, anabeba nini), na kama hakuna mabadiliko mnabadilisha mpango au unampa rufaa. Wapo wagonjwa wenye maumivu yanayorudirudi ambao kuwaona mara mojamoja kwa utaratibu kunawasaidia, sikatai, ila hiyo iwe ni uamuzi kwa mtu fulani na sababu iandikwe kwenye faili, isiwe menyu ya kila anayeingia. Eksirei nayo hivohivo, pawe na sababu. Kumwonyesha mtu picha ya mgongo wake na kumtisha na mkunjo uliopungua ni mauzo, na mtu akishaambiwa mgongo wake umeharibika anaanza kuogopa kuinama, unamwongezea tatizo ambalo hakuja nalo.

Mtandaoni

Kila posti ni ushahidi, chukulia hivyo. Mwaka 2008 mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika kwenye gazeti la The Guardian akikosoa madai kwamba kairopraktiki inasaidia watoto wenye kulia sana, pumu na maambukizi ya masikio. Chama cha makairoprakta wa Uingereza kikamshtaki kwa kashfa. Kilichotokea ni kwamba watu mtandaoni wakaanza kupitia tovuti za makairoprakta moja baada ya nyingine na kupeleka malalamiko kwa wasimamizi, mpaka chama kingine kikawaambia wanachama wake wazishushe tovuti zao. Mwaka 2010 chama kikaiacha kesi. Sheria ya kashfa ya nchi ile ikaja kubadilishwa na kesi hii ikiwa moja ya sababu. Kwa fani nzima ilikuwa hasara tupu, na ilianza na madai ambayo yangeweza kuondolewa kimyakimya.

2020 tukarudia. Korona ilipoingia kuna makairoprakta walianza kutangaza kwamba kurekebisha mgongo kunaongeza kinga, WFC ikabidi itoke kusema hakuna ushahidi unaoruhusu dai hilo.

Kwahiyo kabla ya kuposti: hili dai nikiulizwa na baraza nina cha kuonyesha? Ushuhuda wa wagonjwa unaruhusiwa hapa nilipo? Australia kwa mfano sheria haikuruhusu kutumia ushuhuda wa kitabibu kwenye matangazo, na bodi yao mwaka 2019 iliweka sera ya muda kwamba wasisukume mgongo wa mtoto wa chini ya miaka 2, baada ya video moja kusambaa. Video. Zile klipu za shingo ikilia kwaa na maikrofoni imewekwa karibu zinaleta watazamaji wengi kweli, ila zinamfundisha mtazamaji kwamba mlio ndo tiba, afu kesho anakuja kwako anataka mlio na usipotokea anahisi umemwibia. Ukitaka kuposti video onyesha uchunguzi, onyesha zoezi, onyesha mazungumzo. Watazamaji watakuwa wachache, sawa.

Na usiguse chanjo. Sio eneo lako.

Fizio, osteopathi na wewe

Usijenge utambulisho kwa kusema "sisi ndo tunaojua mgongo, fizio anakupa mazoezi tu." Fizio (wataalamu wa fiziotherapia) wengi wanasukuma migongo, watu wa osteopathi wanasukuma, na baadhi ya madaktari pia. Mikono sio mali yako peke yako. Kinachobaki ni kwamba umefunzwa kuifanya kwa wingi na kwa kina, na kwamba unaweza kuwa mtu wa kwanza kumuona mgonjwa wa mgongo ukafanya uchunguzi. Denmark walilitatua kwa elimu: tangu mwaka 1994 kule Odense wanafunzi wa kairopraktiki wanasoma ndani ya chuo kikuu, sehemu kubwa ya mwanzo pamoja na wanafunzi wa udaktari. Uswisi wana masomo yao ndani ya chuo kikuu cha Zurich tangu 2008 na huko kairoprakta anahesabika kwenye fani za kitabibu kabisa. Mtu aliyepasua maiti meza moja na daktari hahitaji kubishana naye baadaye kuhusu nani ni nani.

Kama nchi yako haina sheria inayolinda jina, hali ni ngumu zaidi maana yeyote aliyehudhuria kozi ya siku mbili anaweza kujiita kairoprakta. Hapo elimu yako iweke mbele. WHO mwaka 2005 ilitoa miongozo: mafunzo kamili yasipungue saa 4,200 kwa miaka minne ya muda wote, na kati ya hizo angalau saa 1,000 za kliniki chini ya msimamizi. Andika ulisoma wapi, miaka mingapi, umesajiliwa na nani, weka namba ya usajili. Usiwashambulie wasiosoma kwa majina, acha tofauti ionekane.

Ukiajiriwa na bosi wa kambi nyingine

Hii inawapata wengi wapya kwa sababu kazi ni chache na kodi haisubiri. Kabla ya kusaini mkataba uliza: mgonjwa wa kawaida anakuja mara ngapi? Nani anaamua ziara, mimi au mfumo? Kuna lengo la idadi kwa wiki? Eksirei zinapigwa kwa vigezo gani? Kuna hati ya maneno ya kumwambia mgonjwa siku ya pili? Hilo la hati liulize kwa upole tu, kama ipo watakuonyesha kwa fahari.

Ukishaingia na ukakuta mambo sio, linda vitu vitatu, vingine vumilia: faili la mgonjwa uandike ulichokiona wewe, ridhaa uichukue wewe, na rufaa asiizuie mtu. Leseni ina jina lako, sio la bosi. Rangi ya kuta, mabango ya motisha na muziki wa mapokezi achana navyo.

Na wazee wa fani watakapokwambia umewasaliti kwa kuacha falsafa, usiwajibu kwa dharau. Wengine walipita kipindi ambacho daktari akipokea simu yao alikuwa anahatarisha cheo chake. Wasikilize, waulize walikuwa wanampima vipi mgonjwa kwa vidole kabla ya mashine kuzagaa, hapo utachuma kitu, maana wengi wao mikono yao iko vizuri kuliko yetu. Kisha rudi kliniki, fungua mafaili ya mwezi uliopita, chukua kama kumi hivi bila kuchagua, uone ni mangapi yana sababu ya kila ziara iliyoandikwa na mangapi yana barua kwa daktari wa mgonjwa. Anza na yale ambayo hayana.